Joho la Malkia siku ya Alhamisi Kuu

Aprili 1556, siku ya Alhamisi Kuu, Malkia Mary I wa Uingereza aliwaosha miguu wanawake maskini 41 huko Greenwich. Kisha akalivua joho lake la zambarau, lenye bitana ya manyoya na mikono iliyoburura chini, akampa yule aliyemwona kuwa fukara na mzee kuliko wote. Vazi la kifalme, basi, lilikuwa sadaka yenyewe, wala si pambo tu la sikukuu. Elizabeth I, aliyemrithi mwaka 1558, alikuja kuligomboa joho kwa fedha: kila mwanamke shilingi 20. Joho likarudi ikulu. Kuosha miguu nako kulikoma katika karne ya 18. George V alipogawa sadaka hiyo kwa mkono wake mwaka 1932, alitoa sarafu.