Abaya Iliyorudi Ikinukia Udi

Mwaka jana nilimuuzia dada mmoja wa Nairobi abaya nyeusi yenye darizi ya fedha mikononi. Shilingi 4,500. Niliikunja vizuri, nikaipeleka ofisi ya basi, nikarudi nyumbani Mji wa Kale nikihesabu faida isiyozidi mia nane. Wiki moja baadaye mteja akalalamika kwenye soko la mtandaoni nililokuwa nikiuzia: ati abaya ilifika imeraruka, arudishiwe pesa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Pesa ikakatwa kwenye akaunti yangu, na siku nne baadaye mzigo ukarudi. Nikaufungua. Ukosi ulikuwa na alama ya fondesheni, pindo lilikuwa na vumbi, na kitambaa chote kilinukia udi. Abaya ilikuwa imekwenda harusini.

Jioni hiyo nilitoka kupunga hewa nikaketi karibu na kuta za Ngome ya Yesu. Unazijua kuta zile. Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na zilikuwa nene kiasi cha kuwachosha Waomani waliozizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Nikajiuliza: mawe yote haya yalimlinda nani? Yalilinda bandari ya mfalme wa Ureno, meli zake na ushuru wake. Mfanyabiashara aliyeshuka na marobota yake akakutana na mnunuzi mjanja hakusaidiwa na mzinga wowote. Lakini biashara ya pwani hii ilikuwa na karne nyingi kabla ya ngome, na watu hawauziani karne nyingi bila kinga. Kinga hiyo ilikuwa nini?

Jibu la kwanza nililipata kwa Ibn Battuta. Alipita pwani yetu mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa. Habari ninayoitaka aliiandika kabla ya hapo, Mogadishu. Anasema meli ikifika, vijana huiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia mali yake na kumnunulia anachotaka. Kisha linakuja lile lililonifanya nisome ukurasa mara mbili: mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu bila mwenyeji kuwepo, biashara hiyo huhesabiwa batili.

Batili kabisa! Karne ya 14, mji wa pwani ulikuwa na kanuni ya kumlinda muuzaji asiyejua bei za mji wala tabia za watu wake.

Tusijidanganye kwamba ulikuwa wema mtupu. Ibn Battuta mwenyewe anasema watu wa pale waliona manufaa katika desturi hiyo. Mwenyeji alipata heshima na nafasi ya kwanza kwenye mali ya mgeni, na mgeni naye hakuwa huru kuuza apendavyo. Lakini hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Mtu wa kati alimlinda muuzaji kwa sababu muuzaji ndiye aliyekuwa mgeni wake. Soko langu la mtandaoni nalo ni mtu wa kati, linakula kamisheni kwa kila oda. Tofauti ni kwamba mgeni wake ni mnunuzi. Mimi nikiondoka, wauzaji wengine wa abaya wapo tele. Mnunuzi akiondoka, anaondoka na pochi yake.

Jibu la pili lilikuwa karibu zaidi. Waislamu wa pwani hii wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na fikihi ya Shafi inaijua sana habari ya kurudisha mali. Muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja biashara mpaka watakapoachana pale walipouziana. Baada ya hapo, mnunuzi akigundua kasoro ya zamani ana haki ya kurudisha, lakini kwa masharti: adai mara anapoigundua, asiendelee kuitumia, na mali isiwe imepata kasoro mpya mikononi mwake. Haki ya mnunuzi ipo na imewekewa mpaka. Abaya yenye fondesheni ingekwama hapo hapo. Ila Kadhi wa leo hawezi kunisaidia, maana Katiba ya Kenya imemwachia mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, basi.

Jibu la tatu lililetwa na Waingereza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya imeanza kutumika tangu 1931, na imefuata sheria ya Uingereza ya 1893. Nayo inasema karibu yale yale: mnunuzi akiifanyia mali jambo ambalo mwenye mali peke yake angelifanya, huhesabiwa ameikubali. Mwaka 2012 ikaja sheria ya kuwalinda wanunuzi, na ilihitajika, maana wauzaji matapeli tunawajua. Kwa upande wetu ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Lakini nimshitaki nani kwa 4,500? Mteja alikuwa jina la kubuni na picha ya waridi.

Nilimsimulia ami yangu, ambaye ujanani alifanya udalali Bandari ya Kale. Akacheka kwanza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyo Nairobi wamjua nani wake?"

"Simjui yeyote, ami."

"Na yeye amjua nani wako?"

"Hamjui mtu."

"Basi hapo hapana biashara. Hapo pana bahati nasibu."

Neno lile lilinikaa. Sasa nina rafiki Eastleigh ambaye ndiye mwenyeji wangu. Mizigo yangu yote ya Nairobi inafikia kwake. Mteja huja, huifungua abaya, huigeuza ndani na nje, hata akitaka huijaribu juu ya nguo zake. Hapo ana hiari yake kamili. Akilipa na kuondoka, tumeachana. Kasoro nisiyoiona mimi wala rafiki yangu naipokea siku hiyo hiyo, na kabla ya kufunga kila mzigo narekodi video ya mishono yote.

Rafiki yangu anachukua shilingi 200 kwa kila nguo. Nimepoteza wateja wasiotaka usumbufu wa kufika Eastleigh, na miezi mingine naona pengo hilo wazi kabisa. Lakini tangu nianze, hakuna nguo iliyorudi ikiwa imetoka harusini.

Ile abaya nilishindwa kuiuza tena kama mpya, na sikutaka kumdanganya mtu. Naivaa mwenyewe. Nimeifua mara tano na udi bado unanukia.