Shubiri, Tangawizi na Sabuni

Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilitoa kitabu kilichofichua yaliyokuwa ndani ya dawa za siri zilizojaa madukani nchini humo. Miongoni mwa dawa hizo vilikuwemo vidonge vya Beecham, vilivyoanza kuuzwa Lancashire katika miaka ya 1840, na ambavyo vilinadiwa kuwa kisanduku kimoja kina thamani ya gini nzima, yaani shilingi 21. Wakemia walipovipima walikuta shubiri, tangawizi na sabuni, basi. Vidonge 56 viliuzwa kwa shilingi moja na peni moja u nusu. Viungo vyake, kwa hesabu ya chama hicho, viligharimu thumuni ya peni. Bei ilizidi gharama ya viungo zaidi ya mara mia moja. Mtu wa Unguja au Lamu asingehitaji maabara kuelewa vidonge hivyo vilifanya nini. Shubiri ya Sokotra ilikuwa bidhaa ya kawaida katika bandari ya Zanzibar, ikisafirishwa hadi Ulaya, na nyumba nyingi za pwani zilijua kazi yake kwa tumbo lililofunga. Historia ya dawa hizi Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kama habari ya mwanakijiji asiyejua kusoma aliyelaghaiwa na chupa yenye picha nzuri. Simulizi hiyo naipinga. Mnunuzi wa dawa ya kila maradhi enzi za ukoloni alikuwa akipima na kulinganisha kwa ushahidi aliokuwa nao, na kama ushahidi huo ulikuwa mchache, waliouficha tunawajua.

Tuanze na Wazungu wenyewe, maana ndio waliotangulia kuzibeba dawa hizi kuingia nazo bara. Mmisionari na daktari David Livingstone alitumia vidonge alivyovichanganya mwenyewe: kwinini, kalomeli ambayo ni chumvi ya zebaki, na mizizi miwili ya kuendesha tumbo. Mwezi wa Januari 1867 wapagazi waliomtoroka waliondoka na sanduku lake la dawa, naye akaandika katika shajara yake kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha hukumiwa kufa. Baada ya kifo chake kampuni ya Burroughs Wellcome ya London iliuza vidonge vya mchanganyiko ule ikitumia jina lake, na masanduku ya dawa ya kampuni hiyo ndiyo mpelelezi Stanley aliyoyachukua katika msafara wa 1887 wa kumfuata gavana Emin Pasha, kisha akayasifu katika kitabu chake. Ndani ya vidonge vya Livingstone kilichopambana kweli na malaria kilikuwa kwinini. Hata hivyo yeye na wenzake waliamini kwamba homa haitoki mpaka tumbo lisafishwe, na dawa iliyoliendesha tumbo kwa nguvu ilionekana imefanya kazi. Basi mzee wa Tabora akisema dawa nzuri ni ile inayosikika mwilini, alikuwa anakubaliana na mganga mwenye shahada ya Glasgow.

Wakati wa reli na maduka, dawa hizo zilipata njia pana zaidi. Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa amekwisha kutandaza maduka yake kutoka Bagamoyo na Mombasa hadi Uganda, na nyuma yake wakaja wenye duka wadogo wengi, Wahindi kwanza, kisha Waafrika. Sioni dawa inayoonyesha ufundi wa biashara hii vizuri kuliko Aspro. Aspirini ilianza kuuzwa na Bayer ya Ujerumani mwaka 1899. Vita Kuu ya Kwanza ilipoikata Australia na bidhaa za Ujerumani, George Nicholas wa Melbourne akaitengeneza mwenyewe mwaka 1915, na miaka miwili baadaye ikapata jina la Aspro. Vidonge vilifungwa kimoja kimoja katika utepe wa karatasi yenye nta. Jambo dogo, lakini tazama lilivyolifaa duka la kijijini: unyevu wa masika hauingii, chupa haihitajiki, na mwenye duka anaweza kukata vidonge viwili akamuuzia mteja mwenye senti chache, vikiwa bado vimefungwa kama vilivyotoka kiwandani. Mteja huyo hakungoja siku ya kliniki, wala hakuhojiwa, wala hakupangishwa foleni. Alilipa, akameza, na kichwa kikatulia kweli. Uongo haukuwa katika kidonge. Ulikuwa katika matangazo yaliyokipeleka kwenye mafua, homa za kila aina na kukosa usingizi.

Utaniambia: mbona zahanati zilikuwepo? Zilikuwepo. Misheni zilikuwa na zake, na katika Tanganyika katikati ya miaka ya 1920 zikaanza zahanati za serikali za wenyeji, chini ya wahudumu waliofunzwa kwa muda mfupi na waliokuwa na dawa chache kabatini. Lakini hesabu ya jumla inatisha. Mwalimu Nyerere alirudia mara nyingi kwamba Waingereza walipoondoka mwaka 1961, baada ya kutawala miaka zaidi ya arobaini, waliacha madaktari wazalendo 12 katika nchi ya watu wapatao milioni tisa. Tena kuna ushahidi unaowaonyesha watu wale wale wakichagua hospitali pale ilipowapa sababu. Katika miaka ya 1920 serikali na misheni zilianza kutibu buba kwa sindano za bismathi na za dawa zenye aseniki. Vidonda vilivyomtesa mtoto kwa miezi vilikauka ndani ya siku chache. Watu walimiminika, wengine kutoka mbali sana, hata madaktari wakalalamika kwamba kila mgonjwa, awe na ugonjwa gani, anataka sindano. Malalamiko hayo yamesomwa kama alama ya ujinga. Mimi nayasoma kinyume: watu waliona kitu kinaponya, wakakifuata, na pale kisipofika wakarudi dukani.

Upande wa sheria ndio unaoniudhi zaidi. Kenya ilikuwa na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, Tanganyika ikapata yake mwaka 1928. Ni haki kusema kwamba sheria hizo zililenga uchawi, si mitishamba, na kwamba kanuni za utabibu ziliacha nafasi kwa tiba za wenyeji. Lakini mganga aliishi chini ya kivuli cha sheria hizo, kwa kuwa afisa wa wilaya ndiye aliyeamua hirizi inaishia wapi na mzizi unaanzia wapi. Wakati huohuo chupa yenye siri ya kiwanda ilivuka forodhani bila mtu kuuliza ndani yake kuna nini. Huko Uingereza kwenyewe Bunge liliunda kamati ya kuchunguza dawa za siri. Ripoti yake kali ilitoka tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile nchi hiyo ilipoingia vitani, na ikasahaulika. Mpaka 1941 ndipo sheria ya Uingereza ilipolazimisha viungo vitajwe. Kenya ilipata Sheria ya Dawa na Sumu iliyoanza kutumika mwaka 1957, miaka sita tu kabla ya uhuru. Kabla ya sheria kama hizo aliyeuziwa dawa asiyoijua, awe wa Manchester au wa Mwanza, hakuwa na njia ya kujua. Tofauti ni kwamba yule wa Mwanza ndiye aliyeitwa mshirikina.

Pingamizi zito kuliko yote ni la madhara, na silikwepi. Chlorodyne ya Collis Browne, daktari wa jeshi la Uingereza nchini India, ilitibu kuhara na kikohozi kwa afyuni, bangi na klorofomu. Ilituliza kwelikweli, na iliwafanya watu watumwa wake. Maji ya tumbo la watoto ya Woodward, yaliyotoka Nottingham, yalikuwa na kileo. Aspro ilishusha homa ya mtoto mwenye malaria, mama akapumua, na vijidudu vikaendelea kuongezeka katika damu. Wako watoto waliokufa kwa kucheleweshwa hivyo, na hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Lakini kumtwisha mama yule lawama ni kumdai elimu ambayo hakuna aliyempa, na kusahau kwamba alinyimwa kwinini, dawa iliyokuwepo duniani tayari. Watetezi wa serikali za kikoloni husema fedha hazikuwepo. Jibu liko Bengal. Kuanzia mwaka 1892, chini ya himaya ileile ya Waingereza, kwinini iliuzwa katika ofisi za posta kwa vipakiti vidogo, kila kimoja kwa pesa moja ya shaba, sarafu ya jina lile lile iliyokuwa ikipita mikononi mwa watu Mombasa na Unguja. Mpango huo haukuhitaji hospitali wala daktari. Ulihitaji karani wa posta, kabati kavu, na serikali iliyoamua kwamba homa ya mkulima ni shughuli yake.