Eneo la viwanda au la makazi? Jua kabla hujapigiwa X nyekundu

Leo sina habari za mpira wala za muziki. Nataka tuongee kitu ambacho vijana wengi tunaojiajiri tunakipuuza mpaka siku mambo yanapoharibika: MATUMIZI YA ARDHI. Yaani ile sehemu uliyoweka karakana, garage, mashine ya kusaga au kiwanda chako cha matofali, sheria inairuhusu au umekaa tu kwa kudra za Mungu?

Nimeanza kufuatilia baada ya yaliyomkuta mjomba wangu. Mjomba ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha. Alikodi uwanja mtaani kwetu Dar, akafanya kazi pale miaka sita na vijana wanne. Leseni ya biashara alikuwa nayo na kila mwaka analipia. Siku moja wakaja watu wa mipango miji, wakaangalia makaratasi yao, wakampigia X ya rangi nyekundu ukutani na kumpa siku 30. Mjomba akatoa leseni. Wakamjibu kwa upole kabisa: "Mzee, leseni ni ya biashara. Sisi tunazungumzia kiwanja. Hapa ni makazi." Hapo ndipo mimi na mjomba tulipojifunza kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti.

Baada ya kuzunguka ofisi mbalimbali na kusoma sheria zenyewe, nimeandika haya ili na wewe usijifunze kwa kupigiwa X.

KUGAWA MAENEO MAANA YAKE NINI?

Kila mji una mchoro. Mchoro huo unasema hapa nyumba za kuishi, hapa maduka, hapa shule, hapa uwanja wa michezo, hapa viwanda. Sheria kubwa ya mambo haya mjini ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Inasema huruhusiwi kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila kibali cha mamlaka ya mipango, na mamlaka hiyo kwa kawaida ni halmashauri yako: jiji, manispaa, mji au wilaya. Mwaka huohuo ilitungwa pia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, ambayo ndiyo inatumika sana vijijini.

Kwa nini watenganishe? Sababu zenyewe si za uonevu. Kiwanda kinatoa kelele, moshi, vumbi na maji machafu. Kinaleta malori usiku. Kinahitaji umeme wa fezi tatu, maji mengi, barabara nzito na mahali pa kugeuzia gari. Ukikiweka katikati ya nyumba, watoto wanavuta moshi na mwenye kiwanda naye anakosa miundombinu. Wote mnaumia.

Viwanda vyenyewe havilingani. Kuna vizito kama saruji na chuma, vinatakiwa mbali na watu. Kuna vyepesi kama kushona nguo au kufungasha vyakula. Halafu kuna vile vya huduma: garage, useremala, kuchomelea. Hili kundi la mwisho ndilo letu sisi walalahoi, na ndilo linalopata tabu kuliko yote, kwa sababu wateja wake wako mitaani wakati sehemu iliyopangwa iko mbali.

DAR IMEFIKAJE HAPA?

Jiji la Dar lilipata mipango mikuu mitatu katika karne iliyopita: wa mwaka 1949, wa 1968 na wa 1979. Maeneo ya viwanda tunayoyajua leo, yaani Barabara ya Pugu (sasa Nyerere), Chang'ombe, Ubungo na Mikocheni, hayakujiotea kama uyoga. Ukanda wa Pugu, kwa mfano, uko karibu na reli na hauko mbali na bandari, mzigo unapanda na kushuka kirahisi. Pale Ubungo kikajengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki miaka ya 1960 kwa msaada wa China, na makazi ya wafanyakazi yakakua kukizunguka.

Tatizo likaja baadaye. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Mpango wa 1979 ulitazama mbele miaka 20 hivi, na muda wake ulipokwisha jiji likaendelea kukua miaka mingi bila mpango mkuu mpya. Watu wakajenga kwanza, ramani ikafuata nyuma inahema. Ndiyo maana leo unakuta nyumba zimeota ndani ya eneo la viwanda Vingunguti, na garage zimeota ndani ya makazi Kinondoni.

SIKU WANANCHI WALIPOSHINDA

Usidhani mpango unamkaba mnyonge peke yake. Unaweza pia kumlinda. Mfano mzuri ni Tabata. Halmashauri ya jiji ilikuwa inamwaga taka za jiji zima pale, sehemu wanayoishi watu. Moshi, inzi, harufu, kila aina ya kero. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaliamuru jiji liache. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akaona ni ajabu mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira ya watu. Dampo si kiwanda, lakini somo ni lilelile: hata serikali haiwezi kuweka kitu cha hatari popote inapopenda.

JINSI YA KUJUA KIWANJA CHAKO NI CHA NINI

Fanya haya KABLA hujatoa kodi ya miezi sita:

1. Omba kuona hati au ofa ya mwenye kiwanja. Ndani imeandikwa matumizi: makazi, makazi na biashara, viwanda n.k. Mwenye nyumba akianza longolongo, shtuka. Chukua namba ya kiwanja na jina la kitalu.

2. Nenda na namba hizo kwa afisa mipango miji wa halmashauri. Omba kuona mchoro wa eneo. Usikubali jibu la mdomo tu, angalia mwenyewe kwa macho.

3. Pita serikali ya mtaa. Hawana mamlaka ya kubadili matumizi, lakini wanajua kama kuna mgogoro, kama barabara itapanuliwa, kama kuna mtu mwingine anadai kiwanja hicho.

4. Angalia maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au fukwe ya bahari. Washkaji wengi wameweka karakana kandokando ya Mto Msimbazi kwa sababu pango ni rahisi. Hiyo rahisi ni ghali.

5. Kama ni kiwanda hasa, ulizia NEMC kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira. Hiyo inafanywa kabla ya kujenga, si baada ya majirani kulalamika.

Kwa mkoani ni hivyohivyo. Arusha kuna Themi, Mwanza kuna Nyakato, Morogoro kuna Kihonda, Dodoma kuna Kizota. Kila mji una sehemu yake ya viwanda, ulizia.

JE, UNAWEZA KUBADILI MATUMIZI?

Ndiyo, inawezekana, lakini anayeomba ni mwenye hati, si mpangaji. Anapeleka maombi halmashauri na nakala ya hati na risiti za kodi ya ardhi. Linawekwa tangazo ili majirani wenye pingamizi waseme. Maombi yanajadiliwa na kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira, kisha yanapelekwa mbele kwa ajili ya idhini. Kutoka makazi kwenda makazi na biashara, wengi wanapata. Kutoka makazi kwenda kiwanda katikati ya nyumba, usijidanganye sana.

Angalizo: kama unapanga, andikeni kwenye mkataba kwamba mwenye kiwanja anathibitisha matumizi yanaruhusu kazi yako, na kwamba ukiondolewa kwa sababu hiyo anarudisha kodi iliyobaki. Mjomba hakuwa na mstari huo. Kodi ya miezi minne ikaenda na maji.

UKIKOSA SEHEMU UENDE WAPI?

Kwa wenye mtaji mdogo, mlango wa kwanza ni SIDO. Shirika hili lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 na lina mitaa ya viwanda mikoani, ambako wajasiriamali wanakodi mabanda. Pale kelele yako haimkeri mtu, na jirani yako anaweza kuwa mtu wa vipuri unavyohitaji. Mabanda hayatoshi wote, kwa hiyo peleka maombi mapema na ufuatilie.

Kwa wakubwa kuna maeneo maalumu ya uwekezaji. Sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje ilitungwa 2002, na ya maeneo maalumu ya kiuchumi 2006. Eneo la Benjamin William Mkapa pale Mabibo, Dar, ni mojawapo. Zamani yalisimamiwa na EPZA. Mwaka 2025 EPZA na kituo cha uwekezaji TIC viliunganishwa kuwa chombo kimoja, TISEZA. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "nitakuunganisha na EPZA", ujue habari zake zimechacha.

KIWANDA KIKIJA KIJIJINI KWENU

Hili ni la wadau wa mkoani, hasa Pwani ambako viwanda vinahamia kwa kasi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji haichukuliwi kwa mazungumzo ya mwenyekiti na mwekezaji chini ya mwembe. Ili iwe ya kiwanda, kwanza inahamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla. Kama haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unakubali au unakataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na waziri ndiye anaamua. Mkutano mkuu maana yake ni NYINYI, wanakijiji wote wazima. Ukibaki kijiweni siku ya mkutano, umekubali bila kujua.

Na fidia? Sheria ya Ardhi inataka iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Si bei ya nyumba na minazi tu. Kanuni za 2001 zinaweka pia posho ya usumbufu, faida uliyopoteza kama ulikuwa na biashara, usafiri wa mzigo hadi tani 12 ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi ambayo ni pango la soko la mwezi mara miezi 36. Ukipewa fomu ya uthamini, soma kila mstari kabla ya kusaini, na baki na nakala yako.

UKIONEWA

Baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021. Usuluhishi ukishindikana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake kuna Mahakama Kuu. Ukipata notisi usikae nayo mfukoni. Jibu kwa maandishi, omba kuona mchoro unaotumika, omba muda wa kuhama kama kweli huna haki. Na ukiambiwa "toa chai tukusahau", jua kwamba chai hainywewi mara moja. Watarudi.

MWISHO

Mjomba amepata nafasi kwenye eneo la karakana nje kidogo ya mji. Umeme wa fezi tatu upo, hakuna wa kumpigia X. Lakini wateja wa mtaani wamepungua, nauli imepanda, na vijana wawili kati ya wanne hana tena uwezo wa kuwalipa. Hilo ndilo linaloniuma. Mipango miji ni kitu kizuri, ila mpango unaochora sehemu ya kiwanda kikubwa na kumsahau fundi geti haujakamilika. Sisi ndio wengi. Halmashauri inapochora mtaa mpya iweke na kona ya mafundi, yenye umeme na barabara, jirani na watu bila kuwa juu ya vitanda vyao.

Na hilo halitaletwa na malaika. Mpango unapoandaliwa wananchi wanatakiwa kushirikishwa. Siku ukiona tangazo limebandikwa ofisi ya mtaa kuhusu mpango mpya, nenda ukaseme, na fundi mwenzako umvute muende naye.

Kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, chukua hiki kimoja: OMBA KUONA HATI NA MCHORO KABLA HUJALIPA. Mwenye uzoefu wa mkoa wake aweke hapo chini tujifunze wote.

Naomba kuwasilisha.