Mwalimu wa skii anafundisha nini? Safari ya Philip Boit kutoka mbio za Kenya mpaka theluji ya Ulaya

Huku Kalemie hakuna mtu anayeamka na kukuta theluji mlangoni. Ziwa letu liko kwenye urefu wa mita karibu 773 juu ya bahari. Theluji ya nchi yetu iko mbali kule kaskazini, kwenye vilele vya Ruwenzori, ambapo kilele cha Margherita kinafika mita 5,109. Hata kule barafu inazidi kupungua mwaka kwa mwaka.

Hata hivyo, kuna Waafrika wa Mashariki waliojifunza skii, na hadithi yao inamhusu kila mtu anayefundisha vijana mchezo au ufundi. Inaonyesha kwamba mwili wenye nguvu ni jambo moja, na kufundishwa ni jambo lingine.

Skii ni mchezo gani?

Mchezaji anafunga miguu kwenye mbao mbili ndefu na nyembamba, anashika fimbo mbili mikononi, kisha anateleza juu ya theluji. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni skii ya mteremko: mtu anapanda mlima kwa mashine na kushuka kwa kasi. Ya pili ni skii ya masafa: mtu anakwenda kilomita nyingi, kupanda na kushuka, kwa nguvu zake mwenyewe.

Msimu wa mwalimu

Kwenye milima ya Alpes huko Ulaya, kazi inaanza karibu na Desemba na kuisha karibu na Aprili. Kule Ufaransa, mtu hawezi kufundisha skii kwa malipo hivi hivi tu, lazima awe na diploma inayotambuliwa na serikali, ao awe bado kwenye masomo yake.

Siku ya kwanza mwalimu hampeleki mwanafunzi juu ya mlima. Wanabaki pahali tambarare. Mwanafunzi anajifunza kuvaa viatu vigumu, kutembea na zile mbao, kuanguka kwa ubavu, na kuinuka. Kuanguka ni sehemu ya somo, sababu anayeogopa kuanguka anakaza mwili, na mwili uliokazwa unaumia haraka.

Halafu linakuja somo la kusimama. Mwanafunzi anakaribisha ncha za mbele na kutanua nyuma, mbao zinakuwa kama V iliyogeuzwa. Hapo mwendo unapungua. Kisha anajifunza kukata kona, yaani kuweka uzito kwenye mguu wa nje wa kona.

Kosa la wanafunzi karibu wote ni moja: wakiona mteremko, wanaegemea nyuma. Wanafikiri wanakimbia hatari, kumbe mbao zinakosa uzito mbele na hazigeuki tena. Mwalimu anaweza kusema "egemea mbele" mara mia bila faida. Aliye hodari anarudi kwenye mteremko mdogo mpaka woga uishe, ndipo mwili unakubali wenyewe.

Mwalimu naye anaendelea kujifunza. Anapoonyesha mwendo polepole mbele ya wanafunzi, kasi haiwezi tena kuficha makosa yake, na wao wanaiga kila kitu. Njo maana walimu wanateleza pamoja na kurekebishana.

Mkimbiaji aliyeanza upya

Philip Boit, kutoka upande wa Eldoret nchini Kenya, alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati. Jamaa yake Mike Boit alipata medali ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mwaka 1996, kampuni ya viatu ya Nike ilimpeleka Philip nchini Finland kujifunza skii ya masafa. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi.

Mapafu na miguu vilikuwa tayari. Lakini mkimbiaji anasukuma ardhi na ardhi inamjibu, wakati kwenye theluji mguu unaosukuma vibaya unateleza nyuma. Ilimbidi ajifunze kuweka uzito wote juu ya mguu mmoja unaoteleza, na kusukuma kwa mikono, kazi ambayo mkimbiaji haijui.

Tarehe 12 Februari 1998, kule Nagano nchini Japani, alishiriki kilomita 10. Theluji ilikuwa nzito, yenye maji, ikigandamana na mbao. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alibaki kumngojea pale mwisho wa njia, akamkumbatia. Boit alimpa mtoto wake jina la Dæhlie.

Wengine walicheka. Yeye alirudi mazoezini. Alishiriki Olimpiki ya mwaka 2002, na kule Torino mwaka 2006 alimaliza kilomita 15 akiwa wa 91, akiwaacha wachezaji wengine nyuma yake. Miaka 8 ya kazi ilimtoa mkiani.

Aliyeanza utotoni

Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998, alikwenda Austria akiwa mtoto na kujifunza skii ya mteremko mapema. Mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kule Pyeongchang, akawa wa 38 katika mbio za super-G. Boit alianza mtu mzima, yeye alianza mtoto, na tofauti ya matokeo inaonekana.

Je, Afrika kuna pahali pa kujifunzia?

Ndiyo. Lesotho ina kituo cha Afriski, kwenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Msimu wao ni Juni mpaka Agosti, na mashine zinasaidia kutengeneza theluji. Morocco kuna Oukaïmeden, karibu na Marrakech.

Kwa wanaofundisha huku kwetu

Kalemie tuna ziwa, na watoto wengi wanaingia majini bila kufundishwa na mtu. Mpangilio wa mwalimu wa skii unafaa hata hapo: anza pahali ambapo maji hayapiti kiuno, fundisha kwanza kusimama tena na kuelea, usiruke hatua juu ya mtoto ana nguvu. Mtoto mwenye nguvu asiyejua kupumua majini anachoka na kuzama. Anayefundisha naye aogelee mbele ya mwenzake, arekebishwe, kabla ya kuwaita watoto.