Kinga
Mfugaji wa kuku Nyashimo, wilayani Busega, akitia shubiri iliyopondwa kwenye maji ya kuku wake, atasema anawapa dawa. Neno ninalolipenda hapo ni kinga. Ni kitenzi kilekile cha kukinga maji ya mvua: ndoo hutangulia, mvua hufuata. Na wakati ndio jambo lenyewe: kinga hutangulia ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wenye wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, uliipima shubiri aina ya Aloe secundiflora kwa kuku wa kienyeji walioambukizwa homa ya matumbo, ugonjwa wa bakteria, na vifo vilipungua. Lakini kideri, ugonjwa mwingine wa kuku, husababishwa na virusi. Huko kinga ni chanjo ya tone jichoni, kila miezi mitatu. Usiiache, ndugu mfugaji.