Shinikizo la Oili na Usomaji Wake

Katika gereji za Kariobangi Light Industries, na kwenye vibanda vya mafundi wanaohudumia mitaa ya Buruburu, Umoja na Kayole katika eneo la Eastlands jijini Nairobi, kauli “presha ya oili iko chini” hubeba maana mbili zinazohitaji tiba tofauti kabisa: huenda oili imepungukiwa na nguvu ndani ya injini, au huenda ni mshale wa dashibodi tu ulioshuka ilhali injini ni nzima. Kila maana inastahili jina lake, kwa sababu mwenye gari kuukuu anayelipia oveholi kumbe waya umeoza hupata hasara ya bure, na anayepuuza mshale unaosema kweli huipoteza injini.

Neno “presha”, ambalo wakazi wa Eastlands hulitumia pia kwa maradhi, linaeleweka na kila mtu wala halistahili kubezwa. Vitabu vya sayansi vya Tanzania vimezoea “kanieneo”, yaani kani inayogawanywa kwa eneo inalolisukuma, na kwa ufafanuzi wa kifizikia neno hilo ni wazi kuliko yote. Lakini “shinikizo” lina kitenzi chake, kushinikiza, nalo huingia kwa wepesi zaidi katika maelezo ya kazi. Hivyo chombo ambacho fundi hukiita geji kinaweza kuandikwa kipimashinikizo cha oili, na kile kinachoonyeshwa na mshale wake kikaitwa usomaji. Neno “mafuta” halifai hapa, kwa kuwa dereva wa Nairobi akilisikia hufikiria kwanza petroli au dizeli.

Shinikizo la kweli huzaliwa pale pampu inaposukuma oili na vijia vyembamba, hasa nafasi iliyopo kati ya krenkshafti na beringi zake, vikaizuia isipite upesi. Beringi zikilika nafasi hiyo hupanuka, oili hupita bila kizuizi cha kutosha, na shinikizo hushuka, hasa injini inapokuwa moto na kuzunguka polepole katika msongamano wa Jogoo Road, maana joto huifanya oili kuwa nyepesi. Kanuni ya jumla ya injini za zamani ni takriban psi 10, yaani ratili 10 kwa kila inchi mraba, kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, ingawa kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Desturi ya kutia oili nzito kupita kiasi ili mshale upande inastahili kulaumiwa: usomaji huwa mzuri, lakini oili hiyo huchelewa kufika juu ya injini asubuhi ya baridi, na beringi zilizolika hubaki vilevile.

Katika magari mengi yenye geji ya umeme, oili haiufikii mshale. Inachosukuma ni kiwambo kilicho ndani ya kihisi, kifaa kidogo kilichofungwa kwenye bloku ya injini, ambacho hubadilisha ukinzani wa umeme kadiri shinikizo linavyobadilika. Umeme huo hukamilisha safari yake kupitia mwili wa injini, njia ambayo mafundi huiita ethi, na hapo ndipo kasoro nyingi hujificha: waya wa ethi kati ya injini na bodi ukishika kutu, au fundi akizungushia nyuzi za kihisi utepe mweupe wa mabomba bila kiasi, usomaji hupotoka ingawa oili haina tatizo. Geji za petroli na joto zikipotoka pamoja na ya oili, shaka ielekezwe kwenye ethi ya dashibodi au kwenye kidhibiti cha volti, ambacho katika magari mengi ya zamani ya Uingereza hutoa takriban volti 10 kwa geji.

Uchunguzi huanza kwa kupima kina cha oili kwa dipstiki, kisha kwa kuchomoa waya wa kihisi, kuwasha swichi bila kuwasha injini, na kuugusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa muda mfupi sana. Mshale ukitembea kutoka ncha moja hadi nyingine, geji na waya kwa kawaida ni vizima na kihisi ndicho cha kushukiwa. Upande unaoelekea hutegemea muundo wa gari. Hata hivyo hukumu haitolewi kabla ya kihisi kutolewa na mahali pake kufungwa geji ya kimakanika, yenye mrija uliopinda ambao hunyooka kidogo unaposhinikizwa, muundo uliopewa hataza nchini Ufaransa mwaka 1849 kwa jina la Eugène Bourdon. Geji hiyo haitegemei waya, ethi wala betri. Ikionyesha shinikizo la kawaida injini ikiwa moto, kinachobadilishwa ni kihisi. Ikikubaliana na mshale wa dashibodi, injini izimwe hapohapo, gari livutwe hadi gereji, na sampu ifunguliwe ili pampu na beringi zikaguliwe.