Harufu ya kinywa: Usimhukumu mwenzio kwa rangi ya meno

WAPO wanandoa wanaolala wakipeana mgongo ilhali hawajagombana. Mmoja wao anatoa harufu mbaya kinywani na mwenzake hajui amwambieje. Miezi hupita, mazungumzo hupungua, naye anayeepukwa hubaki akijiuliza amekosa nini.

Katika jiji la Nakuru na maeneo jirani ya Njoro, Rongai, Gilgil na Naivasha, tatizo hili huchanganywa na jingine ambalo ni la kawaida huko: meno ya rangi ya kahawia. Anayeyaona meno hayo huwa mwepesi wa kuamini kwamba mwenyewe hapigi mswaki, na kwamba harufu inatokana na rangi hiyo. Imani hiyo si ya kweli na imewadhulumu wengi.

Rangi hiyo hutoka wapi?

Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa hupitia miamba ya volkano yenye madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, lakini visima kadhaa vya eneo hilo hupita kiwango hicho mara nyingi. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi, yaani kabla ya kutimiza miaka minane hivi, huota meno yenye madoa meupe, ya manjano au ya kahawia.

Ndiyo maana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Kanisa Katoliki, Dayosisi ya Nakuru, lilianzisha mradi wa kuchuja floraidi kwa kutumia makaa ya mifupa ya ng'ombe. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa kuwa floraidi hubaki.

Madoa hayo yamo ndani ya tabaka gumu la nje la jino, wala si uchafu ulioganda juu yake. Hayanuki na hayatoki kwa mswaki. Anayeyasugua kwa nguvu, au kwa mkaa na mchanga, huishia kukwaruza meno na kuumiza fizi.

Chanzo halisi cha harufu

Visa vingi vya harufu ya kudumu huanzia kinywani kwenyewe, wala si tumboni kama wengi wanavyodhani. Bakteria wanaoishi mahali pasipo na hewa, hasa sehemu ya nyuma ya ulimi na katika nafasi kati ya jino na ufizi, huvunjavunja mabaki ya chakula na chembe zilizokufa za ngozi ya kinywa. Kazi hiyo huzalisha gesi zenye salfa, ambazo hunuka kama yai lililooza.

Ukoga usipoondolewa kila siku huwa mgumu kama jiwe, nao ufizi huvimba na kutoa damu. Maradhi ya fizi ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya harufu isiyokwisha. Vyanzo vingine ni meno yaliyotoboka, meno bandia yasiyosafishwa, na upungufu wa mate.

Mate ndiyo huosha kinywa, na hii ndiyo sababu karibu kila mtu huamka na harufu kidogo asubuhi. Pombe, sigara, miraa, kulala kinywa wazi na baadhi ya dawa hukausha mate. Vitunguu na saumu pia hunukia kinywani, lakini harufu yake huisha baada ya saa kadhaa.

Mbona mwenyewe hajui?

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Pua huzoea harufu iliyo karibu nayo daima, kwa hivyo mwenye tatizo huenda asilitambue kamwe. Anaweza kujaribu kwa kulamba kifundo cha mkono, kusubiri mate yakauke, kisha kunusa. Hata hivyo, jaribio hilo halishindi neno la mtu mwaminifu wa karibu. Kumbe mwenzi anayenyamaza humnyima mwenzake msaada ambao ni vigumu kuupata kwingine.

Namna ya kumwambia

Faragha ndilo sharti la kwanza. Jambo hili halisemwi mbele ya watoto au wakwe, wala katikati ya ugomvi, wala wakati mwenzi anapokaribia kukumbatia. Kumpitishia ujumbe kupitia rafiki ni kumwaibisha mara mbili.

Maneno yawe machache na yaelekee kwenye suluhisho: "Baba watoto, kwa wiki kadhaa nimesikia harufu kinywani mwako hata baada ya kupiga mswaki. Nahofia huenda ni fizi. Twende pamoja tukamwone daktari wa meno." Kauli ya aina hiyo haimwiti mtu mchafu, na humwonyesha kwamba hayuko peke yake. Rangi ya meno isitajwe, kwa maana haihusiki.

Hatua za kuchukua

Mswaki upigwe mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili na kwa upole, hasa kabla ya kulala. Nafasi kati ya meno zisafishwe kwa uzi maalumu. Ulimi usuguliwe kuanzia nyuma kuja mbele kwa mswaki au ukingo wa kijiko. Meno bandia yavuliwe usiku na kuoshwa. Maji yanywewe ya kutosha.

Watu wazima wa Nakuru hawana haja ya kuogopa dawa ya meno yenye floraidi, kwani meno yao yamekwisha kuumbika. Watoto wadogo ndio wa kuangaliwa: watumie kiasi kidogo mno na wafundishwe kutema.

Peremende na dawa za kusukutua hufunika harufu kwa muda tu. Baadhi ya dawa hizo, zenye klorheksidini, huweza kuyatia meno rangi zikitumiwa kwa muda mrefu bila ushauri.

Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hauondoki kwa mswaki. Sharti uondolewe na mtaalamu. Huduma ya meno hupatikana katika hospitali za umma, ikiwemo ya rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wakazi wengi wangali wanaiita PGH. Daktari huyohuyo anaweza kueleza njia za kupunguza au kufunika madoa ya floraidi kwa anayetaka.

Iwapo kinywa ni safi na harufu bado ipo, uchunguzi huelekea kwingine: mafindofindo, uambukizo wa pua, au mapafu. Harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, ikiandamana na kiu kali, kutapika au kupumua kwa kasi, ni dalili ya hatari kwa mwenye kisukari na humlazimu kukimbizwa hospitalini. Harufu inayofanana na mkojo huweza kuashiria figo zilizodhoofika.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenzi anayelitaja tatizo mapema na kwa heshima huenda akaokoa zaidi ya ndoa.